Ndugu wawili na kitu kisichogawika

Nikiletewa mchezo wa ndugu wanaogombana, kwanza natafuta kitu wanachokigombania jukwaani. Waandishi chipukizi wa hapa Lamu hunipa kaka na dada wanaotukanana tangu pazia linapofunguka, na kabla onyesho la kwanza halijesha mtazamaji ameshachoka. Matusi matupu hayana pa kwenda. Ndugu hugombania sufuria, kumbe ugomvi wenyewe ni nani alimuuguza mama na nani alituma pesa tu.

August Wilson, mwandishi wa michezo wa Marekani, alilijua hilo barabara. Katika The Piano Lesson, mchezo uliopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1990, kitu chenyewe ni piano iliyochongwa sura za wazee wa ukoo. Enzi za utumwa, watu wawili wa familia hiyo walitolewa ili bwana wao aipate. Baadaye baba wa hawa ndugu aliichukua kwa wizi, akauawa. Sasa ni 1936, mjini Pittsburgh. Boy Willie ametoka kusini, anataka iuzwe anunue ardhi ileile wazee wake waliyolimishwa. Dada yake Berniece hataki kusikia, ingawa yeye mwenyewe haipigi. Kaka akisema piano iliyokaa bure haizai kitu, unamkubalia. Dada akikumbusha kwamba mama yao aliisugua miaka 17 mpaka mikono ikatoka damu, unahamia upande wake. Mwandishi akishampa mmoja wao haki yote, mchezo umekufa.

Waigizaji wetu siwaanzii na Marekani. Nawaambia wafikirie nyumba ya mawe ya mtaani, binti kapewa na babake alipoolewa, kama ilivyokuwa desturi hapa, na kaka karudi kutoka Mombasa na mnunuzi mkononi. Au wafikirie mirathi: kadhi atagawa, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Lakini zidaka za ukutani, alimopanga mama sahani zake, utazigawaje?

Kwenye mazoezi tuliweka kiti cha enzi mahali pa piano. Kijana anayecheza kaka alikuwa akikizunguka na kuhutubia kama yuko kwenye kampeni. Nikamwambia akiinue huku akisema. Kiti kizito, pumzi ikamkatika katikati ya sentensi, na kwa mara ya kwanza nikamwamini. Akakitua apumzike. Dada akaenda, akakikalia, kimya.

“Mwalimu, sasa mimi nifanyeje?” kijana akauliza.

“Mbembeleze.”

Akapiga magoti. Hakuna aliyekuwa ameandika hivyo.

Jambo jingine linalosahaulika ni mtu wa tatu. Methali inatuambia ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, na jukwaani mtu mwenye kuleta moto ni yule asiyekwenda shamba. Katika The Price ya Mmarekani mwingine, Arthur Miller, ya mwaka 1968, Victor ni polisi aliyeacha masomo ili amtunze baba, na nduguye Walter ni daktari wa upasuaji. Wanakutana kuuza samani za marehemu. Kati yao kuna Solomon, mzee anayekaribia miaka 90, dalali hasa: anasifia, anaponda, anakula yai lake, anaahirisha bei. Mbele ya mgeni ndugu hujitia adabu, na adabu hiyo ikipasuka ndipo ya moyoni yanapotoka.

Nafasi ya dalali mpeni mwigizaji mchekeshaji, ila mkatazeni kuchekesha. Ahesabu pesa tu, polepole.