Dai la mlinzi kwenye briji halifutwi lote

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye makundi ya wapenda briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili: eti mlinzi (mmoja wa wawili wanaompinga mchezaji mkuu) akidai mizunguko iliyobaki, yaani akitangaza kuwa upande wake utaishinda bila kuicheza, na dai likapingwa, yote inakwenda kwa wapinzani kama adhabu. Si kweli.

Kifungu cha 70 cha sheria za briji ya mashindano kinamtaka mwamuzi agawe mizunguko kwa haki kwa pande zote mbili. Palipo na shaka tu ndipo mdai anapoumia. Mwenye turufu kubwa kuliko zote zilizobaki hanyang'anywi mzunguko wake.

Nadhani mkanganyiko unatokana na sharti linalowabana walinzi: dai lisitegemee mwenzi achague karata fulani ilhali kwa kawaida angeweza kucheza nyingine. Na "kawaida" hapo ni pamoja na uchezaji wa kizembe! Ukidai kwa kutumaini atabakiza mfalme wa kopa badala ya wa shupaza, sehemu hiyo inakataliwa. Sehemu hiyo, si dai zima.

Kabla ya kuusambaza tena ujumbe huo, kisome kifungu chenyewe. Ubishi ukizuka mezani, mwiteni mwamuzi.