Mbao nyeusi ukutani haziifanyi nyumba kuwa ya Arts and Crafts

Kuna kosa limeenea kwenye matangazo ya nyumba na video za watu wa mapambo ya ndani. Jumba lina paa lenye mwinuko mkali, dohani mbili na mbao nyeusi zilizopigiliwa juu ya lipu nyeupe, basi linatangazwa kuwa ni "nyumba ya shamba ya Kiingereza, mtindo wa Arts and Crafts". Nimelisikia tena juzi, kwa sauti ya mtu asiye na shaka yoyote, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Maana yake kwa haraka. Arts and Crafts, yaani Sanaa na Ufundi, ni vuguvugu lililokomaa Uingereza miaka ya 1880 na kupungua nguvu ilipofika Vita Kuu ya Kwanza. Wafuasi wake waliona kwamba viwanda vilikuwa vimemtenga anayechora kitu na anayekitengeneza: wa kwanza hajui mbao inavyopasuka, wa pili haruhusiwi kufikiri. John Ruskin, mwandishi na mhakiki wa sanaa, alikuwa amekwisha kulalamikia hilo miaka ya 1850. Nyumba ya namna hiyo hujengwa kwa vifaa vya mahali pale, ufundi wake hauna cha kuficha, vyumba vyake hupangwa kwa kufuata maisha ya wakaao ndani, na mara nyingi mtu aliyechora paa ndiye huyo huyo aliyefikiria hata komeo la mlango. Ufafanuzi umekwisha.

Sasa angalia kilichokosekana hapo. Sijataja rangi, wala umbo la dirisha, wala mbao nyeusi. Sijasahau. Havimo.

Nyumba inayotajwa kuwa chimbuko ni Red House iliyoko Bexleyheath, ambako zamani kulikuwa mashamba ya Kent na leo kumemezwa na London. Msanifu Philip Webb aliichora mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 28, kwa ajili ya rafiki yake William Morris, mbunifu wa mapambo na mshairi, aliyekuwa na 25. Kuta zake ni tofali jekundu la kuchoma, tupu, bila lipu. Ramani yake ni kama herufi L, na kwenye kona ya ndani kuna kisima chenye paa lake lililochongoka. Madirisha hayafanani: mapana, membamba, ya duara, kila moja limewekwa pale ambapo chumba kilihitaji mwanga, hata kama uso wa nyumba ungepoteza ulinganifu. Zama hizo wengi wenye uwezo walilifunika tofali kwa lipu, kisha wakaichora mistari ili mpita njia adhani ni jiwe. Webb aliliacha tofali lionekane tofali. Ujasiri wa nyumba ile uko hapo, na ndiyo maana picha zake huwavunja moyo wanaotarajia mapambo. Walipokosa madukani samani za kuwaridhisha, Morris na marafiki zake walizitengeneza na kuzipaka rangi wenyewe, na mwaka 1861 kazi hiyo ikazaa kampuni.

Webb hakujua kwamba anajenga "Arts and Crafts". Jina lenyewe lilikuwa halijazaliwa. Lilipendekezwa mwaka 1887 na T. J. Cobden-Sanderson, mwanasheria aliyeacha uwakili akawa fundi wa kujalidi vitabu, wakati kundi la wasanii na mafundi lilipokuwa likitafuta jina la chama chao cha maonyesho. Onyesho la kwanza lilifanyika mwaka 1888 katika jumba la New Gallery, mtaa wa Regent, London, na msanii Walter Crane akiwa rais wa chama. Waliopigania jina hilo walitaka zulia, kabati na jalada la kitabu vihesabiwe sanaa sawa na picha ya kuchorwa. Nyumba zilibandikwa jina hilo kwa sababu zilijengwa na watu wa fikra hiyo, nyingine baada ya kukaa miaka karibu 30 bila jina lolote. Kwa hiyo anayelitumia kama jina la sura anaanzia mwisho.

Tuje kwenye mbao zenyewe. Nyumba halisi za Tudor (jina la ukoo wa wafalme wa Uingereza wa zama hizo), za karne ya 15 na 16, zilisimama kwa fremu ya mwaloni. Ncha ya boriti ilichongwa ulimi, ikaingia kwenye tundu la nguzo, ikafungwa kwa kigingi cha mbao. Nafasi zilizobaki zilijazwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo. Aliyewahi kuona nyumba ya fito na udongo ikisimikwa hahitaji somo zaidi: ng'oa miti, nyumba imelala chini. Hata weusi ule kwa sehemu kubwa ni mapenzi ya karne ya 19, kwani mwaloni ukiachwa wazi hugeuka kijivu.

Miaka ya 1920 na 1930 wajenzi wa vitongoji vya London na miji mingine walipandisha kuta za tofali za kawaida, wakapigilia juu yake mbao nyembamba na kuzipaka rangi nyeusi. Mbao hizo hazibebi chochote. Zing'oe leo, kesho unalala humo humo kama kawaida, labda na matundu machache ya misumari. Hiyo inaitwa Tudor ya kuigiza. Mtu wa Arts and Crafts angeiona kuwa ndiyo hasa aliyokuwa akiikimbia: kitu kinachojifanya kingine.

Nakiri mkanganyiko huu una mzazi. Msanifu Richard Norman Shaw, aliyepita katika ofisi ile ile ya msanifu G. E. Street alikopita Webb, alijenga nyumba ya Leyswood huko Sussex miaka ya 1860 akitumia mbao za namna hiyo kwa ajili ya macho tu, na vijana waliofundishwa ofisini kwake ndio walioshiriki kuanzisha chama cha Art Workers' Guild mwaka 1884. Ukoo ni mmoja. Lakini vijana hao hawakurithi kila kitu cha mwalimu wao.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, nenda kwenye nyumba ya Standen, Sussex, karibu na East Grinstead, iliyojengwa kati ya 1892 na 1894 kwa ajili ya James Beale, wakili wa London mwenye watoto saba. Webb alikuta pale nyumba ya zamani ya mkulima. Wengine wangeibomoa. Yeye aliibakiza, akaiunganisha jumba jipya nayo, kiasi kwamba ukifika huoni jumba moja kubwa bali kama kijiji kidogo kilichokua polepole. Jiwe lilichimbwa kwenye ardhi ile ile. Sehemu nyingine ni tofali, nyingine zimevikwa vigae ukutani kama wafanyavyo wenyeji wa Sussex kuzuia mvua, nyingine zina lipu ya kokoto. Na ndiyo, mbao zipo, kwenye pembetatu za juu zinazotazama bustani: mbao za kupishana, moja juu ya nyingine, ili maji yateremke. Zina kazi.

Hapo mjuaji atauliza: mbona msanifu wa vuguvugu hili hili, C. F. A. Voysey, alifunika kuta zake lipu nyeupe ya kokoto, kwa mfano Broad Leys kule Windermere, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1898? Swali zuri. Lipu ile ilikinga ukuta dhidi ya mvua na ilimruhusu kutumia vifaa rahisi chini yake. Haikuchorwa mistari ya kuigiza jiwe. Ni lipu inayosema ni lipu. Ukiiweka Broad Leys kando ya Red House hazifanani hata kidogo, moja nyeupe, ndefu na ya chini, nyingine nyekundu na imeinuka, na bado ni za fikra moja.

Kosa la pili, dogo kuliko la kwanza, ni kudhani watu hawa waliichukia mashine tu basi. Standen ilikuwa na taa za umeme tangu mwanzo, na nyingi ni za mbunifu W. A. S. Benson, ambaye alizitengeneza kwa mashine bila aibu na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kile chama cha 1887. Walikuwepo wenye msimamo mkali, nakubali. Rodmarton Manor, Gloucestershire, iliyochorwa na msanifu Ernest Barnsley, ilianza mwaka 1909 na kukamilika 1929. Miti yake ilikatwa kwenye shamba lenyewe na kupasuliwa kwa msumeno wa mkono. Miaka 20! Na hapa ndipo penye donda la vuguvugu zima: kazi ya mkono ina gharama, na Morris, msoshalisti wa kweli, alijikuta akiwapambia matajiri. Blackwell, iliyoko Windermere pia na nzuri kuliko zote kwa maoni yangu, msanifu Baillie Scott aliijengea familia ya mfanyabiashara wa bia wa Manchester kwa ajili ya mapumziko.

Basi, wenye nyumba za mbao za kupigilia wasione haya. Tudor ya kuigiza ni jina halali, na ina historia yake ya karibu miaka mia. Na wewe unayeandika tangazo, kabla hujaweka Arts and Crafts, taja jiwe limetoka wapi, paa limebebwa na nini na nani alifua bawaba za mlango. Ukikosa la kuandika, weka lile jina jingine. Sidhani bei itashuka.