Kufuta Majina Hakutoshi Kuwaficha Watu

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba serikali ikishaondoa majina kwenye kumbukumbu za raia, inaweza kuzitoa hadharani bila kumdhuru mtu. Imani hiyo si sahihi. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ya Australia ilichapisha mtandaoni kumbukumbu za matibabu za watu wapatao milioni 2.9 bila majina, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walionyesha kuwa mgonjwa anaweza kutambuliwa kwa kuoanisha mwaka wake wa kuzaliwa na matukio kama upasuaji au kujifungua, mambo ambayo jirani au magazeti huyajua. Wizara iliziondoa kumbukumbu hizo. Hata hivyo, na hili linasikitisha zaidi, nakala zilizokwisha kupakuliwa haziwezi kurudishwa.