Boti ikikwama ziwani: yanayoaminiwa Matema na Mtera, na ukweli wake

Siku za sikukuu ufukwe wa Matema, kwenye Ziwa Nyasa, hujaa watu kutoka Mbeya, Tukuyu na hata Iringa. Wengi hukodi mtumbwi au boti ndogo ya mashine na kusogea ziwani kupiga picha, Milima ya Livingstone ikiwa nyuma yao. Hawana boya wala kafi la akiba, na simu iko mfukoni mwa suruali. Wakipata shida, anayewafikia kwanza huwa ni mvuvi aliye karibu. Kwa hiyo haya yanamhusu anayekwenda kutembea, na yanamhusu zaidi atakayemfuata kumsaidia.

"Asubuhi maji yametulia, basi siku nzima ni salama."

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, limelala kutoka kaskazini kwenda kusini, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini. Mwera unapovuma kutoka kusini-mashariki, hasa Mei hadi Agosti, mawimbi hupata ziwa karibu lote la kukulia kabla ya kufika Kyela. Ndiyo maana wimbi kubwa linaweza kupiga ufukweni huku hapo ulipo upepo ni mdogo tu. Tena usiku na alfajiri hewa ya baridi hushuka kutoka milimani kwenda majini. Mtoto aliyelala juu ya mpira wa tairi husukumwa polepole kuelekea kilindini bila wimbi lolote la kumshtua. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hulitaja Ziwa Nyasa; usikilize kabla ya kulipia boti.

"Chombo kikipinduka, ogelea ufukweni. Si mbali."

Hii ndiyo dhana inayoua. Mlima mkubwa ukiinuka nyuma ya ufukwe, jicho hudanganyika, na mwendo wa kilomita mbili huonekana kama wa hatua chache. Mtumbwi wa mti hata ukijaa maji haushuki chini. Ushikeni, hesabuni watu, watoto wakae katikati, na atakayeweza apande juu ya kitako chake. Kichwa cha mtu mmoja katikati ya mawimbi hakionekani kwa urahisi, lakini mtumbwi uliopinduka wenye watu wanne huonekana, na ndio mwokoaji anaoutafuta.

"Ziwa letu ni la vuguvugu, baridi haiwezi kumdhuru mtu."

Maji ya juu huwa kati ya nyuzi joto 23 na 28, na mwili una 37. Maji huondoa joto mwilini haraka takriban mara 25 kuliko hewa yenye nyuzi joto hizohizo. Baada ya saa kadhaa vidole hukataa kushika, na mtu huachia chombo bila kupenda. Ukimtoa, mvue nguo zilizolowa, mfunike, mkinge na upepo. Akiwa na fahamu na anameza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimpe pombe.

"Anayezama hupiga kelele."

Anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Kichwa huenda nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inabonyeza maji pembeni. Ukimwita asijibu, mfuate mara moja.

"Mwogeleaji hodari ajitose akamtoe."

Mwenye hofu humpanda mwokoaji wake, na kwa njia hiyo wamezama wawili mahali palipokuwa na mmoja. Mnyoshee kafi au mti. Asipofikika, mtupie kitu kinachoelea. Dumu la lita 5 lililofungwa kizibo hubeba karibu kilo 5, na hizo zinatosha kukiweka kichwa cha mtu mzima juu ya maji yaliyotulia. Liache na maji kidogo ndani, kama nusu kikombe, lisipeperushwe na upepo unapolitupa, na ulifunge kamba ya mita 15. Litupe limpite, kisha ulivute hadi mikononi mwake. Kila mtumbwi unaopakia wageni ungepaswa kuwa na dumu hili. Gharama yake haimshindi mwenye chombo yeyote.

Ukienda na mtumbwi, mkaribie upepo ukikupiga usoni, ili ukiacha kupiga kafi usimame. Ukija na upepo mgongoni utampanda. Mpandishe kwa mwisho wa mtumbwi, kamwe si kwa ubavu: uzito wa mtu mzima ukining'inia upande mmoja, maji huingia na wote mnakuwa wa kuokolewa. Asiyeweza kupanda ashike nyuma, umvute polepole. Kwa boti ya mashine, mshikie ubavuni mbali na propela, na uzime mashine kabisa. Kuiweka frii hakutoshi, maana mtu akiyumba anaweza kugusa gia.

"Mashine ikizima, piga makasia urudi."

Kwanza zuia boti isipelekwe, ndipo utafute ubovu. Kamba ya nanga inahitaji urefu usiopungua mara 5 ya kina. Ikiwa fupi, nanga huburuzika tu. Lakini chini ya Milima ya Livingstone ziwa hudidimia ghafla karibu na ufukwe, na nanga inaweza isiguse chini. Hapo funga ndoo ya lita 20 yenye mkono imara kwenye kamba, itupe majini, na ncha ya pili uifunge mbele ya boti. Ndoo itaburuza maji, na mbele ya boti itaelekea mawimbi badala ya kupigwa ubavuni.

Kisha angalia yaliyo rahisi. Je, kamba ya usalama ya kuzimia mashine imechomoka? Kizibo cha hewa cha tenki kimefungwa? Kikifungwa, tenki hujinyonya na petroli haiji. Bonyeza pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta mpaka ikaze. Tazama propela kama imeviringwa na nyavu. Bwawa la Mtera, kati ya Iringa na Dodoma, lina visiki chini ya maji, na kisiki kinaweza kukata pini ya propela: mashine inanguruma, boti haiendi. Beba pini mbili za akiba na koleo. Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la dharura.

Wa ufukweni wapigie 112, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na wajulishe viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi kwenye mwalo. Taja idadi ya watu, rangi ya chombo, alama ya nchi kavu iliyo mkabala nacho, na upande upepo unakokipeleka. Simu ikae kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza.

"Funga kamba popote, vuta."

Watu kwanza, boti baadaye. Ukivuta, kamba ifungwe chini mbele ya boti mbovu. Ikifungwa juu au ubavuni, boti hupinda na kupinduka. Waliomo wakae chini, kuelekea nyuma, na wavae maboya. Rekebisha urefu wa kamba ili boti zote mbili zipande wimbi kwa pamoja, la sivyo kamba italegea na kukatika kwa kishindo. Asikae mtu kwenye mstari wa kamba, na kisu kiwe karibu. Nenda mwendo wa kutembea.

"Mbinue kichwa chini, mkamue tumbo maji yatoke."

Kukamua tumbo hutoa matapishi, nayo huingia mapafuni. Mlaze chali. Kama hapumui kawaida, bana pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni huku ukiona kifua kikiinuka. Akibaki bila dalili za uhai, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo. Akizinduka, mlaze ubavu na mpelekeni hospitali ya Matema au Kyela hata akisema yuko mzima, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye.