Je, wajua kwa nini saa ya milimita 42 inaweza kukukaa vizuri kuliko ya 38?

Ukitafuta saa ya mkono, namba ya kwanza kukutana nayo ni kipenyo: 36, 38, 40, 42. Imo kwenye tangazo, imo kwenye boksi, na muuzaji ukimuuliza saa hii ni kubwa kiasi gani, ndiyo atakayokutajia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ndiyo saizi ya saa, kama 42 ilivyo saizi ya kiatu. Mkono mwembamba, namba ndogo. Mkono mnene, namba kubwa. Nikajipima kwa tepu ya fundi cherehani, nikapata sentimita 16, nikaagiza saa ya milimita 38.

Ilipofika ilinikaa kama kisahani juu ya chupa. Uso wake ulikuwa mdogo kweli, lakini ncha za juu na chini zilining'inia hewani, na mkanda uligusa ngozi pembeni kabisa. Ukichungulia kwa ubavuni unaona mwanga kati ya saa na mkono. Nikadhani mkanda ndio mbaya, nikaipeleka kwa fundi saa mmoja Kariakoo.

"Shikamoo, fundi. Naomba mkanda mwingine, huu haulali."

"Marahaba. Mkanda hauna neno, mwanangu. Masikio ndiyo marefu."

Akavuta droo, akatoa saa nyingine yenye uso mpana kuliko wa yangu, akanivalisha. Ikalala kimya mkononi, mkanda ukashuka moja kwa moja pande zote mbili. Ilikuwa ya milimita 42.

Masikio ndilo jina lake la vile vikono vinne vinavyotoka kwenye kasha la saa, viwili juu na viwili chini, ambamo pini ya mkanda huingia. Nitalitumia jina hilo, kwa sababu habari yote iko hapo.

Kosa langu lilikuwa la mwelekeo. Kipenyo cha saa hupimwa kutoka ubavu hadi ubavu, yaani kutoka 9 hadi 3, bila kuhesabu kile kitufe cha kutilia ufunguo. Sasa itazame saa ikiwa mkononi. Upande mmoja wa mstari huo unaelekea kwenye kiganja, mwingine unapanda kuelekea kwenye kisugudi. Mstari wenyewe unaufuata mkono kwa urefu, na kwa urefu mkono una nafasi tele. Mahali penye uhaba ni kukatisha: kutoka 12 hadi 6, ile 12 tunayoisoma saa sita na ile 6 tunayoisoma saa kumi na mbili. Huko mkono unakwisha upesi. Na huko ndiko yaliko masikio, ambayo kipenyo hakiyahesabu kabisa.

Muuza vitanda hawezi kukuambia "tano" akanyamaza. Husema tano kwa sita, maana anajua chumba kina kuta mbili za kukibana kitanda. Muuza saa anasema 38 na kunyamaza, tena ametaja ule upande ambao hauna ukuta. Upande wa pili, urefu kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini, mara nyingi hauandikwi kwenye tangazo, na usipouliza hutaambiwa.

Tofauti yake inashangaza. NOMOS ya Ujerumani inatengeneza saa inayoitwa Tangente 38. Ni nyembamba, ina uso mweupe na masikio marefu yaliyonyooka. Kipenyo chake ni milimita 37.5, lakini kutoka sikio hadi sikio ni karibu 48. Seiko ya Japani ilikuwa na saa ya wapiga mbizi, SKX007, ambayo waliacha kuitengeneza mwaka 2019. Kipenyo chake ni kama 42, na masikio yake ni mafupi kiasi kwamba urefu wote ni takriban 46. Yaani saa yenye uso mpana zaidi ndiyo fupi mkononi. Mtu anayesoma kipenyo peke yake angeapa kinyume chake.

Urefu nao haujamaliza hadithi, kwa sababu mkono si meza. Fikiria mgongo wa punda. Ukimwekea ubao ulionyooka, ubao utagusa katikati tu na ncha zake zitabaki hewani, na akitembea ubao unayumba. Ukimwekea tandiko lililopinda kufuata mbavu zake, hata likiwa refu kuliko ule ubao, linatulia. Masikio ya saa ni vivyo hivyo. Yaliyoinama kuelekea chini hushika mkono kama tandiko. Yaliyonyooka hukaa kama ubao. Tazama saa kwa ubavuni kabla ya kuitazama usoni. Iweke juu ya kioo cha kaunta: kama ncha za masikio zinakigusa kioo au kukikaribia sana, zimeinama. Kama tumbo la saa ndilo limekaa kwenye kioo na masikio yameelea, huo ni ubao.

Mkanda wa chuma unaongeza jambo jingine. Kipande chake cha kwanza, kile kinachoungana na kasha, kwa saa nyingine kinatokeza mbele kabla ya kuanza kujikunja. Hapo urefu halisi umekua kwa milimita kadhaa ambazo hazimo kwenye maelezo yoyote, na saa hiyohiyo ikifungwa mkanda wa ngozi au wa kitambaa inaweza kukukaa vizuri kabisa.

Baada ya saa, mkono. Nilijipima mzingo, nikaona imetosha. Haitoshi. Mdogo wangu ana sentimita 16 kama mimi, lakini mikono yetu haifanani: wangu ni wa mviringo kama mpini wa jembe, wake umebapa kama mwiko. Tulisimamisha viboksi viwili vya kiberiti kila upande wa kifundo cha mkono, tukapima nafasi kati yake kwa rula. Kwangu milimita 52, kwake 57. Tepu ilikuwa imetupa namba moja kwa vifundo viwili tofauti. Na mkono wa mviringo unaadhibu zaidi ya upana wake: kwenye duara la upana wa 52, saa iliyonyooka yenye urefu wa 49, kama ile yangu, itakuta mkono umeshashuka zaidi ya milimita 15 pale ncha za masikio zilipo. Ule mwanga niliouona ubavuni ulikuwa huo. Saa ile ya 38 leo anaivaa mdogo wangu, na kwake imelala kama imechongwa kwa ajili yake.

Wapenzi wa saa wana kanuni kwamba urefu kutoka sikio hadi sikio usizidi upana wa mkono, na ukiwa kama robo tatu au zaidi kidogo unapendeza. Hiyo ni desturi ya macho, haikupimwa maabara, na mtu anayependa saa ndogo havunji sheria yoyote. Ninachokitetea kwa nguvu ni sehemu ya kwanza tu: masikio yakipita ukingo wa mkono, mkanda hauwezi kushuka vizuri, na saa itazunguka kutwa.

Kuna pia mambo ya jicho. Saa mbili zenye vipimo sawa kabisa zinaweza kuonekana tofauti mkononi. Mwaka 1865 Mbelgiji Joseph Delboeuf alieleza kiini macho kimoja cha miduara: duara likizungushiwa pete iliyo karibu nalo huonekana kubwa, likiwekwa ndani ya pete pana iliyo mbali nalo huonekana dogo. Saa ya wapiga mbizi ina pete nene yenye namba inayouzunguka uso, kwa hiyo uso wenyewe unabaki mdogo na saa inaonekana ndogo kuliko kipimo chake. Saa ya suti ina ukingo mwembamba kama uzi na karibu yote ni uso, basi inaonekana kubwa. Ukiongeza uso mweupe ndiyo inakua zaidi, kwani kitu cheupe huonekana kikubwa kuliko cheusi cha kipimo hichohicho. Kuhusu umbo, mraba wenye upande wa milimita 35 una eneo lililozidi duara la kipenyo cha 35 kwa karibu asilimia 27. Kwa hiyo ukihama kutoka saa ya duara kwenda ya mraba, usiende na namba ileile.

Hapa naikumbuka saa inayojulikana kila soko la kwetu, Casio F-91W ya mwaka 1989. Upana wake ni 35.2, urefu 38.2, unene 8.5, uzito gramu 21. Mwanafunzi anaivaa, askari anaivaa, babu anaivaa, na hakuna anayeonekana ameazima ya mtu. Siri imo kwenye hiyo 38.2: ni fupi kuliko upana wa karibu mkono wowote wa mtu mzima.

Fasheni ya ukubwa imepanda na kushuka. Saa ya kwanza ya Calatrava ya kampuni ya Uswisi, Patek Philippe, mwaka 1932, ilikuwa na kipenyo cha kama milimita 31 na ilikuwa saa ya mwanamume mzima. Katika Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa anga wa Kijerumani walivaa saa za milimita 55, lakini walizifunga juu ya mkono wa jaketi, si kwenye ngozi. Mwaka 1993 Audemars Piguet walitoa Royal Oak Offshore ya 42, ikabandikwa jina "The Beast", yaani mnyama. Rolex Explorer ilikaa 36 kwa miongo, ikapandishwa hadi 39 mwaka 2010, ikarudishwa 36 mwaka 2021. Kwa hiyo anayekuambia 36 ni ya kike anakusomea fasheni ya miaka michache. Na dada mwenye mkono wa sentimita 17 asikubali kupewa saa ya 26 kwa sababu tu kabati la duka limeandikwa "za kike".

Kwa mavazi, kinachoamua ni unene kuliko upana. Shati la mikono mirefu lenye kifungo huteleza juu ya saa yenye unene wa milimita 9 na hukwama kwenye ya 13. Kanzu zetu nyingi hazina kifungo cha kubana mkononi, kwa hiyo mvaaji wa kanzu ana uhuru ambao mvaa suti hana.

Ukienda dukani, usiiamue saa kwa picha ya simu. Kamera ikiwa shubiri moja tu kutoka kwenye saa, saa iko mbele na mkono uko nyuma kidogo, basi saa inavimba. Watu hawakuoni kutoka umbali huo. Simama mbele ya kioo kirefu, hatua mbili nyuma, mkono ukiwa umening'inia. Na kama unaweza, nenda mchana wa joto, kwa sababu joto hujaza mkono, na saa iliyokutosha asubuhi kwenye kiyoyozi itakubana saa nane kituo cha daladala.

Kama unanunua kwa mtandao na huwezi kuivaa, muulize muuzaji urefu kutoka sikio hadi sikio, kisha kata kipande cha boksi la sabuni chenye urefu huo na ukilaze juu ya mkono, kukatisha. Usikikunje. Tazama ncha zake. Mimi nilikata vitatu, cha 44, cha 46 na cha 49. Cha 49 nilikitupa baada ya kukiona kimening'inia kama ile saa. Cha 46 kimo kwenye pochi yangu, nyuma ya kitambulisho, na hutoka nacho kila ninapopita kwa wauza saa.