Jina Jipya Kwenye Chupa, Sumu Ileile

Mkulima akipiga dawa na wadudu wakabaki, mara nyingi huongeza dozi au hununua chupa yenye jina jingine. Sisi tunaopima maabara usugu wa wadudu dhidi ya dawa tunaomba asifanye hivyo kabla ya kusoma lebo.

Dawa haimfundishi mdudu kuwa sugu. Katika kundi kubwa huwapo wachache waliozaliwa na tofauti ndogo ya vinasaba inayowawezesha kustahimili sumu. Wenzao wakifa, hao ndio wanaobaki kuzaliana, na kila unyunyiziaji wa sumu ileile huongeza sehemu yao shambani.

Jambo hili si geni. Mwaka 1914 mtafiti wa Marekani, A. L. Melander, aliandika kuhusu wadudu magamba wa miti ya matunda waliokuwa hawafi tena kwa dawa ya salfa na chokaa. Paul Müller alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa kugundua uwezo wa DDT wa kuua wadudu, tayari nzi wa nyumbani nchini Sweden walikuwa wameonyesha usugu dhidi yake.

Tazama paretroidi, kundi moja la dawa za kuua wadudu, zinavyofanya kazi. Kwenye neva za mdudu kuna vijilango vya kupitishia sodiamu, ambavyo hufunguka na kufunga kwa haraka sana. Paretroidi huvizuia visifunge, hivyo mdudu hutetemeka, hupooza na kufa. Lakini badiliko moja tu la kijeni kwenye kijilango hufanya sumu ishindwe kushika vizuri. DDT nayo hulenga vijilango hivyohivyo, kwa hiyo mdudu aliye sugu kwa DDT anaweza kuistahimili paretroidi hata kama hajawahi kukutana nayo. Wengine huwa na vimeng'enya vingi vinavyoivunja sumu kabla haijafika kwenye neva; hao ni wagumu zaidi, kwa sababu wanaweza kuvunja sumu za makundi tofauti.

Ndiyo maana tunasisitiza kundi la dawa, yaani namna inavyoua, kuliko jina la biashara. Saipamethrini, deltamethrini na lambda-sihalothrini zote ni paretroidi, na zimo katika kundi 3A; namba hiyo ya kundi ndiyo ya kutafuta kwenye lebo. Kutoka moja kwenda nyingine hujabadilisha chochote. Tumia kundi moja kwa kizazi kimoja cha wadudu, kisha kundi lenye namba nyingine kwa kizazi kinachofuata. Usinyunyizie kabla ya kukagua mimea, maana buibui na nyigu wanaokusaidia kuwala wadudu waharibifu nao hufa.

Na ikiwa dozi sahihi, iliyopigwa vizuri, imewaacha wengi hai, usirudie dawa hiyo. Mwite mtaalamu wa afya ya mimea achukue wadudu waliosalia wakapimwe.