Maharage ya Uyole si chotara

Kuna maneno mawili ninayoyasikia yakiunganishwa kila msimu, redioni, kwenye mabanda ya Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na katika maduka ya pembejeo kuanzia Mwanjelwa hadi Ilula: "maharage chotara". Wengine wanaongeza ngano chotara na viazi chotara, na huko Usangu wapo wanaoisifu Saro kuwa ni mpunga chotara. Wote wana nia njema. Wanataka kusema mbegu hii imetoka kwa watafiti, haikuokotwa gunia la sokoni. Lakini kitu hicho tayari kina jina, nalo ni mbegu bora.

Chotara ni mbegu ya kizazi cha kwanza, iliyopatikana kwa kuchavusha mmea wa ukoo mmoja kwa chavua ya ukoo mwingine, koo zote mbili zikiwa zimeandaliwa kwa kazi hiyo. Mbegu bora ni mbegu ya aina iliyopimwa na kupitishwa, kisha ikazalishwa chini ya ukaguzi hadi ikapata lebo. Mbegu chotara ya mahindi yenye lebo ni mbegu bora. Ila mbegu bora nyingi si chotara, na katika maharage tunayolima huku Nyanda za Juu Kusini hakuna chotara hata moja.

Nadhani mkanganyiko umetoka zizini. Ng'ombe wa kienyeji akipandishwa kwa dume la Friesian, ndama anaitwa chotara. Ndama huyo akikua na kupandishwa tena, mjukuu naye ni chotara, na kitukuu vilevile. Kwa mifugo neno hilo linabeba kila mchanganyiko, haidhuru damu imegawanyika mara ngapi. Mtu akilihamishia shambani na maana hiyohiyo, anaona ni sawa kabisa: watafiti wa Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mbeya, wanachanganya maharage, kwa hiyo maharage ya Uyole ni chotara. Hoja inaonekana imenyooka. Inapopotea ni pale inapodhani kwamba mbegu inayofika kwa mkulima ndiyo ileile iliyozaliwa siku ya mchanganyo.

Tuanze na ua la haragwe. Chavua yake hudondoka na kufanya kazi ua likiwa bado halijafunguka, kwa hiyo kwa kawaida haragwe hujichavusha lenyewe. Mtafiti akitaka kuunganisha, tuseme, rangi ya njano inayopendwa sokoni na ukinzani wa ugonjwa wa kutu, inabidi awahi ua likiwa bado kitumba. Analipasua kwa kibano, anatoa viungo vya kiume, anapaka chavua ya mmea mwingine, anafunga alama. Kama mkono wake ulikuwa mwepesi na hali ya hewa ikamkubalia, anapata ganda moja lenye punje chache. Punje hizo ndizo chotara. Hakuna mtu atakayeziuza, kwa sababu kuzalisha gunia zima kwa kibano ni kazi ambayo bei yoyote ya maharage haiwezi kuilipa.

Basi anazipanda. Kizazi kinachofuata ni vurugu: mengine ya njano, mengine mekundu, mengine yenye madoa, mengine yanatambaa wakati mama yao alisimama. Anachagua, anapanda tena, anachagua tena. Kwa kuwa kila mmea unajichavusha, kila kizazi kinapunguza kwa nusu ule mchanganyiko wa kijeni uliokuwa ndani ya punje za kwanza. Vizazi 7 baadaye umebaki sehemu 1 kati ya 128, yaani chini ya asilimia 1. Hapo mmea unazaa mfano wake. Ukipanda haragwe la njano unavuna la njano, na ukipanda ulichovuna unavuna lilelile. Huo ndio ukoo thabiti, na ndio unaopewa jina: Uyole 96, Njano Uyole, Uyole 03. Mmoja wa mababu wa aina ya namna hii kweli alikuwa chotara, lakini aina yenyewe siyo.

Uthabiti huo haukubaliwi kwa neno la mtafiti peke yake. Aina inapandwa sehemu mbalimbali, maana inayostawi Uyole, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, inaweza kudhoofika ikishushwa Mbozi au ukanda wa chini wa Iringa. Kisha Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI, nayo inaipima: je, inatofautika na aina zilizopo, je, mimea yake inafanana, je, inabaki vile ilivyo inapopandwa tena? Ikishinda, inapelekwa kwenye kamati ya taifa ya kupitisha aina mpya.

Mahindi yameumbwa kinyume. Mbelewele, yaani ua la kiume, iko juu, ndevu za ua la kike ziko katikati ya bua, na upepo ndiye mshenga. Mhindi wako unachavushwa na wa jirani bila kuomba ruhusa. Ili kupata chotara, mtafiti analazimisha mahindi yajichavushe kwa kufunika mbelewele na ndevu kwa mifuko ya karatasi, kizazi hadi kizazi, mpaka apate koo safi. Koo hizo zinasikitisha kuzitazama, fupi na dhaifu, zenye mhindi kiduchu. Ajabu ni kwamba ukiunganisha mbili zinazopatana, mtoto anawazidi wazazi wote kwa mbali. George Harrison Shull aliliandika jambo hili huko Marekani mwaka 1908. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, Kitale nchini Kenya walitoa H611 mwaka 1964, kwa kuunganisha mahindi yao ya Kitale na mahindi kutoka Ecuador. Ndugu yake H614 wazee wa Mbozi na Njombe wanaijua vizuri sana. Uyole nao wakaja na zao, UH615 na UH6303.

Shamba la kuzalisha mbegu hizi lina mistari ya mama na mistari ya baba. Mbelewele za mama zinang'olewa kabla hazijamwaga chavua, na watu wanapita kila siku, mvua ikinyesha au isiponyesha, kwa sababu mbelewele chache zikiponyoka zinaharibu mbegu. Kinachovunwa kuwa mbegu ni cha mama peke yake. Ndiyo maana mfuko una bei ile.

Ukipanda tena mahindi uliyovuna kutoka UH6303, yataota. Naomba hili lieleweke, maana kuna uvumi kwamba mbegu chotara "imefungwa uzazi". Haijafungwa. Itaota, itakua, lakini mimea itakuwa kama ya mashamba matatu tofauti: mmoja mrefu, mwingine unafika kifuani, mwingine umetoa ndevu wakati mbelewele za wenzake zimeshakauka. Ile nguvu ya kizazi cha kwanza sehemu kubwa imeondoka. Mbolea umeweka ileile, palizi umelipia ileile, na magunia yamepungua.

Mahindi pia yana mbegu bora zisizo chotara, zile za uchavushaji huria kama Staha, Kilima na Situka. Hizi mkulima anaweza kuzirudia misimu michache, mradi achague mahindi ya mbegu katikati ya shamba, mbali na chavua ya jirani. Hazifikii chotara kwa mavuno pale mvua na mbolea vinapokuwa vya kutosha. Kwa mtu asiye na fedha ya mfuko kila mwaka, ni za kuheshimiwa.

Turudi kwa mpunga wa Usangu: Saro, au TXD 306, ilitengenezwa Dakawa, Morogoro. Mpunga chotara upo duniani, China wameulima tangu miaka ya 1970, lakini Saro ni ukoo thabiti na unajirudia kama maharage. Viazi mviringo havihusiki hata kidogo na mjadala huu: mbegu yake ni kiazi chenyewe, nakala kamili ya mama, na kinachoishusha ni virusi na mnyauko bakteria vinavyosafiri ndani ya kiazi kutoka msimu hadi msimu. Anayetafuta "viazi chotara" Uporoto anatafuta mbegu safi, yaani isiyo na ugonjwa.

Na kwa wale wanaosema chotara ni GMO, yaani mmea uliohamishiwa jeni maabara: siyo. Chotara inatokana na chavua na ua. Majaribio ya mahindi yenye jeni iliyohamishwa yalifanyika Makutupora, Dodoma, kuanzia mwaka 2016, serikali ikaamuru yasimamishwe Novemba 2018. Mahindi yale hayakuwahi kufika dukani.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaniuma zaidi ya kosa la kawaida la lugha. Kampuni inapenda kuuza chotara kwa sababu mteja anarudi kila msimu, na hakuna ubaya, maana mteja naye anapata magunia. Lakini haragwe linalojirudia linanunuliwa mara moja, kisha linagawanywa kwa shemeji, kwa jirani, kwa kanisa zima. Nani atatumia miaka kadhaa na kibano kutengeneza kitu ambacho mkulima hatakinunua tena karibuni? Kazi hiyo ni ya umma. Ndiyo sababu mojawapo kubwa ya nchi kuwa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo kituo chake cha Uyole kiliitwa ARI Uyole kilipokuwa chini ya wizara. Watafiti wanatengeneza aina na kutunza mbegu zake za awali. Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, na kampuni binafsi wanazizalisha kwa wingi. TOSCI wanakagua. Wapo pia wakulima waliosajiliwa wanaozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, yaani zile ambazo mzalishaji mwenyewe ndiye anayetangaza ubora wake, na kuziuza kwenye maeneo yao, na kwa maharage hao ni msaada mkubwa kuliko duka la mjini.

Ukiliita haragwe la namna hiyo chotara, mama wa Kilolo aliyenunua kilo zake 5 anaamini kwamba mwakani hana mbegu tena, hata kama ghalani ana debe zima la punje nzuri zisizo na ugonjwa. Ataazima fedha, au atarudi kwenye mchanganyiko wa sokoni. Na jirani yake atageuza hoja: "chotara" yangu ya maharage nimeirudia mwaka wa tatu na haijashuka, basi na mahindi nayarudia. Neno moja limewapoteza wote wawili, huyu kwenye maharage, yule kwenye mahindi, na hakuna aliyewadanganya kwa makusudi.

Kwa hiyo ndugu mtangazaji, mvua za Novemba zikikaribia na ukazungumzia mahindi, taja chotara kwa jina lake, na umwambie msikilizaji kwamba ile inanunuliwa upya kila msimu. Yakifika maharage ya mwezi wa tatu, sema "mbegu bora za maharage", na ongeza kwamba anaweza kujiwekea akiba kutoka kwenye mimea isiyo na ugonjwa, kisha anunue upya baada ya misimu michache mbegu inapoanza kuchanganyika au kubeba magonjwa. Nawe muuza pembejeo, mteja akikuomba maharage chotara usimcheke na usimkatalie. Mpe mfuko wa Uyole 03 wenye lebo ya TOSCI, na kabla hajaondoka mweleze kwamba hiyo ni mbegu bora, na kwamba akivuna anaweza kuipanda tena.